Babu, Mjukuu na Injini: Uhakiki wa Lugha ya Gereji ya Namakwekwe

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunaomba watuvumilie. Matini tunayoihakiki haijachapwa popote, haina jalada wala mchapishaji, na watunzi wake ni wawili: mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita babu, na mjukuu wake wa kike aliye kidato cha pili. Matini yenyewe ni mazungumzo yao juu ya injini. Tuliyasikia Namakwekwe, mjini Mbale, wakati tulipokuwa tukiwatembelea wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha.

Chanzo cha kufika huko ni kosa, na kosa hilo ni letu. Mwalimu mwanafunzi alikuwa akirudisha insha zenye kichwa "Babu yangu". Binti huyo alikuwa ameandika kwamba babu yake alilisikiliza lori moja akamwambia mwenye lori kuwa injini "inakula oili". Mwalimu alikuwa amekata maneno hayo kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "inatumia mafuta mengi". Sisi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini mapajani. Tulifurahishwa na sahihisho hilo, tukaandika kwenye fomu kwamba mwalimu anazingatia Kiswahili sanifu. Binti akanyoosha mkono. "Mwalimu, kula mafuta ni ingine," alisema. Darasa likacheka, kengele ikalia, na alama zikabaki vilevile.

Jioni yake, tukiwa njiani kurudi tulikofikia, tulimuuliza dereva wetu tofauti iko wapi. Alitutazama kama mtu anayeulizwa tofauti ya kuhara na kukohoa.

Tuieleze kwa kifupi, kwa faida ya wasomaji ambao, kama sisi, hupanda magari bila kuyafahamu. Injini inayokula mafuta ni ile inayomaliza petroli au dizeli kuliko inavyostahili. Aghalabu chujio la hewa limeziba au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, na moshi wake ni mweusi. Injini inayokula oili ni nyingine kabisa. Hiyo ringi zake zimelika au silinda imechakaa, oili inapenya hadi pale mafuta yanapowakia nayo ikaungua, na moshi wake una rangi ya bluu. Ya kwanza huenda ikapona kwa kazi ya mchana mmoja. Ya pili huenda ikahitaji kushushwa na kufunguliwa yote. Neno letu sanifu "mafuta" linabeba yote mawili, pamoja na ya kupikia na ya kujipaka. Gereji imegawana kazi: mafuta ni ya kuchoma, oili ni ya kulainisha. Kwa hiyo kalamu nyekundu haikusahihisha lugha ya binti yule. Ilibadilisha ugonjwa wa lori.

Siku ya pili tulimwomba binti ruhusa ya kwenda kumsalimu babu yake. Tulikwenda mara tatu kabla ya mazoezi kwisha, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Namakwekwe ni mtaa wa kawaida wa Mbale, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ulio chini ya mlima Wanale. Lugha ya wenyeji ni Lumasaaba, lakini kwa siku moja gereji ya pale hupokea Mteso kutoka Soroti, Mgwere kutoka Pallisa, Muganda mwenye duka, na dereva wa Kikenya aliyevuka Malaba. Hapo Kiswahili hakiletwi na mtaala. Kipo kwa sababu kazi haiwezi kungoja mkalimani. Mzee alituambia kwamba alikianza akiwa kijana wa kufagia katika gereji ya Mhindi, akakiongeza kwa madereva, akakimalizia kwa askari waliokuwa wakileta magari yao kutengenezwa. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na mafundi waliobaki wakarithi spana bila spea. Mzee ni zao la miaka hiyo. Mpaka leo hukata gasketi kutoka katika karatasi ngumu ya boksi, akiipigapiga kwa nyundo juu ya chuma hadi ukingo wenyewe wa chuma uikate.

Hatuwezi kusema kuwa Kiswahili cha namna hii ni kigeni nchini Uganda. Utafiti wa Ladefoged na wenzake uliochapishwa mwaka uleule wa 1972 ulionesha kuwa takriban theluthi moja ya Waganda wa nchi nzima waliweza kuzungumza Kiswahili, na kwamba wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa mbali. Wazungumzaji hao hawakukipata kwetu madarasani. Walikipata relini, kambini, sokoni na chini ya magari. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020 kikawa somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Tumeyashangilia yote hayo katika kurasa hizi. Ila mtoto wa Namakwekwe anapoingia darasani tunamfundisha kana kwamba neno la kwanza la Kiswahili atalipata kwetu, na lile alilotoka nalo kwa babu yake tunalikata.

Sasa tuingie katika matini.

Nyuma ya gereji kuna kibanda cha mashine ya kusaga mahindi, na mashine hiyo huendeshwa na Lister. Hii ni injini ya dizeli ya silinda moja iliyokuwa ikitengenezwa Dursley, Uingereza, kuanzia miaka ya 1930, na baadaye ikanakiliwa na viwanda vya Rajkot, India. Aina ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Kwa kuwa huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, hupiga mara 325 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara 5 kwa sekunde. Injini ya pikipiki ya bodaboda huweza kupita mizunguko 7,000. Tunataja tarakimu hizi kwa sababu mzee mwenyewe alizitumia kama hoja ya ufundishaji. Pikipiki, alisema, inapayuka, huwezi kuisikia neno. Lister inazungumza polepole kama mtu mzima, kwa hiyo mtoto aanzie hapo. Ni walimu wangapi wa lugha waliopanga matini zao kwa kigezo cha wazi namna hiyo?

Somo lilikuwa hivi. Mzee alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye chuma cha injini inayonguruma, na mpini akauweka kwenye sikio la mjukuu. Chuma husafirisha sauti, na sikio hupata mlio wa mahali palepale palipoguswa bila makelele ya kwingine.

"Unasikia nini?"

"Inalia, Babu."

"Hata mbuzi analia. Inaliaje?"

"Ka-ka-ka."

"Ka-ka-ka ama ko-ko-ko?"

Binti aliinama tena, akafumba macho. "Ka-ka-ka. Ko-ko-ko hapana."

"Basi tunafungua juu peke yake. Ingekuwa ko-ko-ko, leo mwenye mashine ndiye angelia."

Tofauti ya irabu moja. Ka-ka-ka ni mlio mwepesi wa juu, na maana yake ni kwamba tapeti zimelegea. Hufunguliwa kifuniko, nafasi hupimwa kwa bati jembamba la kipimo, nati hukazwa, na kazi imekwisha. Ko-ko-ko ni mlio mzito wa chini, wa beringi ya konrodi iliyolika, na huo ukiendelea injini itanoki. Sisi hufundisha tanakali za sauti kama mapambo. Katika mitihani yetu huwapa wanafunzi orodha wakamilishe: kuanguka majini chubwi, kuanguka mchangani tifu, na kadhalika. Mwanafunzi hukariri, hupata alama, na hapati siku hata moja ambapo kukosea tanakali kunamgharimu mtu chochote. Kwenye kibanda kile tanakali ni kipimo. Akisema ko pale penye ka, injini nzima itafunguliwa bure. Hatujapata kusikia darasani kwetu mwanafunzi akifumba macho ili atafute irabu.

Kuna tanakali nyingine ambazo ni za nyumba ile tu, wala hatudai zinaeleweka kwingineko. Hewa inapoingia kwenye njia ya dizeli injini husitasita, hupanda na kushuka, na mzee husema hapo inaomba: "nipe, nipe, nipe". Binti akisikia hivyo hangoji kuambiwa. Huchukua spana ndogo akalegeza nati ya bomba, akaacha povu litoke mpaka dizeli ije safi, kisha akakaza. Kamusi haihitaji kuyaingiza maneno hayo. Mwalimu anayefundisha tashihisi, hata hivyo, angefanya vyema kuyajua. Tashihisi ya vitabuni mwetu imechoka: upepo unanong'ona, mwezi unatabasamu, na hakuna anayepata faida kwa kunong'onewa. Ya gerejini inatambua maradhi. Injini inakohoa, inachemsha, haivuti, inakula oili, imekufa, na kila kitenzi hapo kina tiba yake. Fundi anapoihuisha injini hafanyi hivyo ili apendeze. Mwili wa mtu ndio kielelezo alicho nacho cha kitu chenye sehemu nyingi ambacho huugua mahali usipopaona.

Tulishuhudia pia vitendawili. Hapa hatutakawia, kwani mtindo wenyewe unajulikana. "Kitendawili!" "Tega!" "Nimemeza maji, natoa moshi mweupe." Wajukuu wadogo waliokuwa wakichezea boliti walishindwa, na mzee akadai mji. Wakampa Tororo akakataa, wakampa Jinja akakataa. Walipompa Nairobi akakubali kwa sababu, alisema, huko ndiko spea zinakotoka. Jibu ni gasketi ya kichwa cha silinda iliyokatika, ikaruhusu maji ya rejeta kuingia mahali pa moto. Tunaomba radhi kwa wanazuoni wanaoamini kuwa vitendawili vinakufa.

Kilichotushughulisha zaidi ni namna Lister inavyowashwa, kwa maana hapo ndipo tulipoielewa upya methali ambayo tumeifundisha kwa miaka mingi: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika madarasa yetu methali hii hufafanuliwa kwa haraka kuwa ni habari ya urithi, yaani mtoto hufuata kazi ya mzazi wake, tukahamia methali inayofuata. Tazameni sasa. Lister haina stata. Huwashwa kwa hendeli, na mtu mmoja hawezi kuizungusha ikiwa imeshika pumzi, kwa kuwa hewa iliyobanwa ndani ya silinda humrudisha. Kwa hiyo juu ya kichwa cha injini pana kishikio kidogo ambacho kikiinuliwa huiachia pumzi itoke. Mzee huzungusha hendeli na yale magurudumu mawili mazito hupata mwendo, mwendo ukitosha huita "Sasa!", na mjukuu hukiangusha kishikio. Pumzi hubanwa, dizeli huwaka, injini hushika. Akikiangusha mapema, magurudumu husimama na hendeli huweza kumpiga mzee mkononi. Akichelewa, mzee huchoka, na mzee ana miaka yake.

Huko ndiko kuvukuta. Mtoto wa mhunzi anayepuliza moto kwa mifuo hasani, lakini bila yeye hakuna kusana. Methali haizungumzii urithi tu. Inaeleza kwamba mtoto hupewa kazi iliyo ya lazima kabla hajaweza kazi iliyo ngumu, na kwamba kutokujua kwake si sababu ya kumweka pembeni. Binti alipewa kishikio akiwa na umri wa miaka saba. Hendeli hajapewa hadi leo, na mzee anasema hatampa mpaka awe na mikono ya kutosha, maana hendeli ile imevunja mikono ya watu wazima. Tulimuuliza binti ilikuwaje mara ya kwanza. Alijibu kwamba hakulala usiku ule, akiogopa atakosea "Sasa!" ya kesho yake.

Neno "Sasa!" ndilo fupi kuliko yote katika matini hii, na ndilo lililotusumbua zaidi. Sisi hufundisha "sasa" kama kielezi cha wakati. Pale lina mkono wa mtu ndani yake.

Itaulizwa kwa nini ni babu na si baba. Jibu la haraka ni la kiuchumi: baba yuko barabarani au Kampala, na babu ndiye aliyebaki na spana pamoja na muda. Lakini kuna jibu la pili linalotuhusu sisi wa lugha. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki babu na mjukuu ni watani. Babu anaweza kumwita mjukuu wake mke wangu, na mjukuu anaweza kumwambia babu kuwa amezeeka kama kabureta lake, pasiwe na aliyekosewa adabu. Baba anaposahihisha, husahihisha tabia. Babu anaposahihisha, hutania, na kosa hubaki kosa la kazi. Ule mzaha wa mbuzi tulioutaja hapo juu ulikuwa sahihisho kali kabisa, kwani ulimwambia binti kwamba neno alilolitoa ni pana mno halifai. Hakuona haya. Alitafuta neno jembamba zaidi. Tulilinganisha na kalamu nyekundu, na sisi ndio tuliona haya.

Katika uhakiki ni lazima pia tuseme yasiyopendeza. Lugha ya mzee ina kasoro, na haitusaidii kuzifunika kwa sababu tumempenda. Upatanisho wake wa kisarufi ni ule wa bara: "gari yangu inatoa moshi", "injini kubwa kubwa hii". Mwanafunzi ana haki ya kujua kwamba katika mtihani ataandika "gari langu linatoa moshi", na ni wajibu wetu kumfundisha. Aidha, kuna matumizi mengi ya "ile kitu" na "hiyo ndogo" ambayo huenda sawa wakati kidole kinaonesha, lakini hayawezi kuandikwa barua. Zito zaidi ni kwamba mzee hapendi swali la "kwa nini". Binti alipomuuliza kwa nini dizeli huwaka bila plagi alijibiwa: "Utajua ukikua." Mzee anajua kuwa inawaka, anajua inapokataa kuwaka, ila hana maneno ya kueleza kwamba hewa ikibanwa sana hupata joto la kutosha kuwasha dizeli. Hapo ndipo mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wangemfaa binti huyu, kama wangekuwa wanajua kuwa swali hilo lipo.

Tumerudi idarani tukajiuliza tumekuwa wapi. Mitaala yetu ya fasihi simulizi imemweka babu mahali pamoja: jioni, kando ya moto, akisimulia habari za sungura na fisi. Vitabu vya kiada vinanukuliana picha hiyo, na wanafunzi wa Mbale wanaikariri huku wakitoka katika nyumba ambazo babu yuko chini ya lori saa tano ya mchana. Tumeandika mengi, na mazuri, kuhusu misemo inayochorwa nyuma ya magari. Chini ya boneti hatukutazama. Si kwamba fasihi yetu haiwezi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliyoiandika kwa Kikerewe kufikia mwaka 1945 na iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, aliamini kuwa namna watu wanavyolima, wanavyovua na wanavyotibiana inastahili kusimuliwa hatua kwa hatua, na msomaji anayeharakia kisa humlalamikia bure. Kitereza alitaka kazi za mikono za wazee zisipotee. Injini nayo sasa ni kazi ya mikono ya wazee, na bado inangoja Kitereza wake.

Wageni wametutangulia kidogo. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewachukua kwa uzito mafundi wa Tanzania na gereji zao kama wajuzi wa teknolojia na si watu wa kubahatisha. Kwa upande wa fasihi, wengi wanakijua kitabu cha Robert Pirsig cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, ambamo baba na mwanawe wanasafiri kwa pikipiki. Ni kitabu chenye fikra nyingi, lakini mwana ameketi nyuma, na baba anaiwaza injini peke yake. Tukikiweka kando ya kibanda cha Namakwekwe tunaona kilichokosekana: hakuna aliyempa mtoto kishikio.

Jambo jingine hatutaki lipite. Tulisema kwamba mwaka 1972 wasemaji wa Kiswahili wa Uganda walikuwa wanaume zaidi. Ilikuwa hivyo kwa sababu mahali kilipotumika palikuwa pa wanaume: kambi, reli, gereji. Binti huyu hakuingia kibandani kwa sababu ya falsafa yoyote. Kaka zake walipopata pikipiki waliacha kuja, na Lister ilihitaji mtu wa kishikio. Lakini matokeo yake ni kwamba amepata, pamoja na injini, lugha ambayo bibi yake alituambia kwa Lumasaaba, binti akitafsiri, kuwa hakuwahi kuhitaji. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage muda wote tuliokuwa hapo. Tulimuuliza kama anaijua milio ya injini ile. Akasema anajua mmoja tu, wa kunyamaza, kwa kuwa hapo huanza kuandaa maji ya mzee ya kuoga.

Kuhusu siku zijazo hatuna mengi. Magari mapya yanayoingia Mbale yana kompyuta, na mzee huyapeleka kwa vijana wenye kifaa cha kusoma hitilafu. Siku ya tatu tulimkuta binti akimsomea babu yake, kutoka simu ya kijana mmoja, maelezo ya Kiingereza kuhusu kihisio fulani, akiyageuza kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Alikwama. Alitugeukia sisi, walimu wa chuo kikuu, atuulize neno. Tulilijua, kwa kuwa limo katika istilahi zetu. Tulipolitaja mzee alilirudia mara mbili akauliza kitu hicho kinalia vipi kikiharibika. Tukasema hakilii. Alitikisa kichwa akarudi kwenye Lister yake.

Alama za insha ile zimerekebishwa. Mwalimu mwanafunzi aliandika mwenyewe pembeni, "oili ni sahihi", na tathmini yake nasi tumeiandika upya.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo tumependekeza kwamba kila mwanafunzi atakayepangiwa shule za Mbale, Jinja au Tororo atumie angalau alasiri mbili katika gereji, kinu au karakana iliyo karibu na shule yake, na alete maneno aliyoyasikia pamoja na sentensi zake kamili. Wanaotaka Namakwekwe wajiandikishe mapema, kwani nafasi ni chache. Mzee amekubali kuwapokea kwa sharti moja. Waje na nguo za kazi, maana hatamtajia mtu jina la kifaa ambacho hajakishika.